Vabank: muvi ya wezi ambayo akili ndiyo silaha

Mpenzi wa muvi za wizi wa benki, itafute Vabank. Ni ya Poland, imetengenezwa 1981, na ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Juliusz Machulski, aliyekuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Sikutegemea kazi ya kwanza ya mtu iwe imetulia namna hii.

Tuko Warsaw, mwaka 1934. Henryk Kwinto, mpiga tarumbeta na fundi hodari wa kufungua masefu, anatoka jela baada ya miaka sita. Aliyemchoma ni Kramer, mshirika wake wa zamani, ambaye sasa ni bwana mkubwa mwenye benki. Kwinto anakwenda kumtafuta rafiki yake, anaambiwa keshakufa, eti kajiua. Mwingine angenunua bastola. Yeye anaamua kumlipa Kramer kwa fani yake ileile.

Kwinto ameigizwa na Jan Machulski, baba mzazi wa mwongozaji, na kwangu huyu mzee ndiye muvi yenyewe. Haongei sana. Anasimama, anatazama, anavuta pumzi, na wewe uliyekaa kwenye kochi unajua kabisa kwamba kuna hesabu inapigwa mle kichwani. Staringi wa aina hii nimewakosa siku nyingi.

Vichekesho haviji kwa makelele. Vinakuja na Moks na Nuta, vijana wawili wenye tamaa ya kuonekana wazoefu mbele ya wakubwa, huku Duńczyk, bingwa wa kengele za wizi, akiwavumilia. Witold Pyrkosz kamcheza Duńczyk kwa upole ambao ulinifanya nicheke hata asipotamka neno. Ongeza muziki wa Henryk Kuźniak, wa mtindo wa jazi ya zamani. Ule wimbo mkuu haunitoki.

Nilichokipenda zaidi ni jinsi mpango unavyofichwa mbele ya macho yako. Unaonyeshwa kitu kidogo, unakipita, halafu baadaye kinarudi na unagundua kwamba kila hatua ilikuwa na sababu yake. Tafadhali, usikubali mtu akusimulie mwisho.

Kasoro zipo. Wanawake wamepewa nafasi finyu, wapo zaidi kwa ajili ya mipango ya wanaume, na ni hasara, maana waigizaji wenyewe wanaweza. Nakala niliyoipata ilikuwa na tafsiri ya maandishi ya Kiingereza inayokimbia mno. Mara kadhaa nililazimika kurudisha nyuma. Tafuteni nakala nzuri, maana mazungumzo ni mafupi na kila neno lina kazi.

Mimi naipa tisa kwa kumi. Ipo pia Vabank II, iliyotoka miaka michache baadaye, na Kwinto na Kramer wamo tena. Msianze na hiyo. Dakika zake za mwanzo tu zinatosha kuwaharibia utamu wa ya kwanza.