Raba za mlimani baada ya kilomita 520: tope zinaliweza, mwamba uliolowa haziuwezi

Dukani nilizijaribu kwa kutembea hatua kumi kwenda na kumi kurudi, juu ya vigae. Zikanikaa vizuri, nikalipa. Laiti dukani kungekuwa na mteremko! Kiatu cha mlimani, hata kiwe kibovu vipi, wakati wa kupanda kitakusitiri. Ukianza kushuka ndipo unapojua umenunua nini.

Nimezikimbilia miezi saba, kilomita 520 kwa hesabu ya saa yangu, karibu zote kwenye mlima mmoja ulio nyuma ya ninapoishi. Si mlima wa kuringia. Kutoka chini hadi kileleni ni kilomita 6 na mwinuko wa mita 640, ila humo ndani kuna kila kitu: msitu wenye mizizi na tope lisilokauka, kijito kinachopita juu ya mwamba laini, halafu mgongo wa changarawe hadi juu. Jina la kampuni siliweki. Raba za muundo huu zinatengenezwa na wengi, na ninayoyasema yanatokana na muundo wenyewe.

Nianze na tope, maana ndilo lililonifanya nizipende. Meno ya soli yana urefu wa milimita 5 na yameachana kiasi kwamba kidole changu cha shahada kinapita katikati yake. Meno yakibanana, tope linaganda humo, na baada ya hatua ishirini unakimbia na matofali mawili miguuni. Haya yanalirusha. Linaruka hadi mgongoni kwangu, na wanaonifuata wameshajua kukaa mbali kidogo. Halafu ya mbele yameelekea upande mmoja na ya kisigino upande wa pili: ya mbele ni ya kusukuma, ya nyuma ni ya breki. Mara ya kwanza nilipoteremka msituni baada ya mvua, nilijikuta nimefika chini bila kushika mti hata mmoja.

Kwenye changarawe nako sina neno. Chini ya unyayo wa mbele kuna kipande chembamba cha plastiki ngumu, kimefichwa kati ya soli na sponji. Jiwe lenye ncha unalisikia lakini halikuumizi.

Sasa kile kijito. Wiki ya tatu nilishuka kwa mwendo wangu wa siku zote, nikakanyaga mwamba, mguu wa kulia ukaenda zake. Nilitua kwa nyonga na kuteleza hadi majini, nimekaa kitako kama mtoto kwenye bembea. Mwenzangu, aliyevaa raba za barabarani zilizolika soli, akavuka taratibu huku akinicheka.

Nilipotulia nilielewa. Mwamba hautoboki, kwa hiyo jino halina pa kuzama. Kinachokushika pale ni mpira wenyewe: ulaini wake, na ukubwa wa sehemu inayogusa jiwe. Meno yaliyoachana yanagusa kidogo, na mpira wa raba zangu ni mgumu. Lakini ugumu huohuo ndio uliozifanya zidumu. Leo meno ya chini ya kidole gumba yamebaki kama milimita 3 na nusu, mengine ni karibu kama yalivyokuja. Mpira laini ungenishika kijitoni na ungekwisha mapema. Huwezi kupata vyote, ila muuzaji aliyeniambia "hizi zinashika popote" namwalika kwenye kijito kile asubuhi ya baridi.

Hata hivyo nikizigeuza kuzisafisha huwa namkumbuka Vitale Bramani, mpanda milima wa Italia. Zamani wapanda milima walipigilia misumari kwenye soli za ngozi. Mwaka 1935 wenzake sita walifia kwenye milima ya Alps, na viatu visivyofaa vikatajwa kuwa sehemu ya sababu. Mwaka 1937 akatoa soli ya mpira yenye meno. Nikifika hapo, nyonga yangu inaacha kulalamika.

Jambo jingine: kama mlima wako una vijito, zile zenye utando wa kuzuia maji achana nazo. Nilizokuwa nazo kabla ya hizi zilikuwa hivyo. Maji yakiingia kwa juu hayana pa kutokea, nikawa nakimbia na ndoo mbili. Hizi ni za wavu mtupu. Nilipanda na mizani ndogo mkobani (mwenzangu alidhani nimerukwa na akili) nikapima: kimoja kikiwa kikavu gramu 285, kikitoka majini 360, baada ya dakika kumi za kukimbia 310.

Kosa kubwa ni langu mwenyewe, nalo ni saizi. Mguu huvimba ukikimbia muda mrefu, na mteremko unausukuma mbele. Nilichukua saizi yangu ya kazini. Ukucha wa kidole gumba cha kushoto ukawa mweusi, mwezi wa pili ukang'oka. Kilichoniokoa ni lile tundu la juu kabisa, karibu na kifundo, ambalo miaka yote nilidhani ni pambo. Unaingiza kamba humo upande uleule ilikotoka, kinabaki kitanzi kidogo. Ncha ya kulia unaipitisha kwenye kitanzi cha kushoto, ya kushoto kwenye cha kulia, unavuta, ndipo unafunga. Kisigino kinakaa mahali pake na vidole vinapumua.

Kwenye kiatu cha kulia, pale kidole cha mwisho kinapokunjika, kitambaa kimeanza kuachana na soli. Nimeshapaka gundi mara mbili. Nitazikimbilia hadi meno yaishe, kisha nitanunua hizihizi, nusu saizi juu. Kijitoni siku hizi navuka nikitembea.