Programu ya maswali ya mtihani wa udereva: uzoefu wangu

Nimeitumia programu hii ya simu kujiandaa kwa mtihani wa nadharia wa leseni, na nimefaulu. Maswali yake ni mengi, lakini kilichonisaidia hasa ni maelezo yaliyo chini ya kila jibu.

Kuna swali la breki: mwendo ukipanda kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, umbali wa breki unaongezeka mara ngapi? Wengi hukimbilia mara mbili, kumbe ni mara 4. Programu haikuoneshi alama nyekundu ikaishia hapo. Inakuchorea mstari wenye vipande viwili: kipande ambacho gari linakwenda kabla mguu haujakanyaga breki, hicho ndicho kinachoongezeka mara mbili, halafu kipande cha breki zenyewe, ambacho ndicho kinachorefuka mara 4. Nilipouelewa mchoro huo, maswali ya kuacha nafasi na gari la mbele (sekunde 2 barabara ikiwa kavu, zaidi ya hapo ikiwa imelowa) hayakunihitaji kukariri tena.

Alama za barabarani wamezipanga kwa maumbo kabla ya maandishi, na nimeupenda sana mpangilio huo. Ile ya simama ina pembe nane, ya kutoa nafasi ni pembetatu iliyopinduliwa. Hata ikichafuka au ukiiona kwa nyuma, unaijua.

Kinachoudhi ni maswali ya makutano. Michoro ni midogo mno na haikuzwi, kwa hiyo kwenye simu ya kioo kidogo huoni gari lipi limewasha indiketa, wakati jibu lote linategemea hiyo indiketa. Hili wanapaswa kulirekebisha haraka.

Kabla ya kuanza, ingia kwenye mipangilio uchague kama kwenu magari hupita kushoto au kulia. Usipofanya hivyo, utajifunza kutoa nafasi kwa gari lisilostahili. Pia ukomo wa mwendo na kiwango cha pombe hutofautiana kati ya nchi na nchi, na programu inavigusa kijuujuu tu. Hivyo visome kwenye kitabu rasmi cha sheria za barabarani cha nchi yako.

Toleo la kulipia linaondoa matangazo tu. Maswali ni yaleyale, la bure linatosha.