Begi la mtumba la lita 40 kutoka Malindi: latosha nchi nne, ukilikagua kwa ndani

Anayepanga safari yake ya kwanza ya begi mgongoni, tuseme kutoka Lamu kuteremka Tanzania, kukata hadi Rwanda na kurudi kwa njia ya Uganda, hukimbilia begi kubwa. Kwenye vibanda vya mitumba vya Malindi la lita 65 linavutia kweli, lakini njia hii yataka lita 40. Hilo utalikumbatia mapajani au kulisukuma chini ya kiti. Kubwa huenda kwenye buti, hulipishwa mzigo, na kila basi likisimama usiku unabaki kuchungulia dirishani kuona nani kashuka nalo.

Uzuri wa mtumba ni kwamba muuzaji hupanga bei kwa rangi na nembo. Mkanda wa kiuno, ambao ndio roho ya begi, kwake ni kamba inayoning'inia tu. Kwa hivyo begi lililopauka lenye mkanda mpana wa sponji mara nyingi huwa rahisi kuliko jekundu la kung'aa lisilo na kitu. Mabegi mapya ya shule hayana mkanda huo kabisa. Uzito wote hukaa mabegani, na kufika Dar es Salaam shingo imekaza.

Ubovu mkubwa wa begi la mtumba umejificha ndani. Ligeuze nje ndani ulipapase kwa kidole gumba. Kitambaa cha nailoni hupakwa utando wa kuzuia maji, na utando huo huozeshwa na joto pamoja na unyevu, vitu ambavyo pwani tunavyo vya kumwaga. Ukinata kama ulimbo, au ukibanduka kama magamba ya samaki, rudisha. Nusa pia: harufu ya matapishi haitoki kwa sabuni wala kwa jua, kwa sababu ni utando wenyewe unaooza.

Kisha zipu. Ifunge na uifungue mara tatu, hasa kwenye kona. Meno yakiachana nyuma ya kichwa cha zipu, usikate tamaa, kwani mara nyingi kilicholika ni kichwa na wala si meno. Fundi wa mabegi hukibadilisha hapo hapo. Kukibana kwa koleo ni dawa ya siku chache. Jino likiwa limeng'oka, hapo hakuna mjadala.

Jaribio la mwisho halihitaji mizani. Omba duka la jirani pakiti tano za unga za kilo mbili, upate kilo 10, uvae. Mkanda ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Ukikaza bizimu, mabega yanapaswa kuhisi nafuu papo hapo. Ukisikia uzi ukilia pale mikanda ya bega iliposhonwa, mwambie fundi apige mshono wa pili kabla ya safari. Barabarani usizidishe kilo tisa, begi likiwemo.

Kulipanga si kazi: suruali mbili, shati tatu, kandambili, na sweta, maana Kigali na Kabale ziko juu na usiku wake si wa Lamu. Taulo acha nyumbani. Kikoi hukauka haraka, hutandikwa, hujifunikwa. Kosa la wengi ni kufunga nguo kwenye mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku 2008, Kenya 2017 na Tanzania 2019, na mpakani unaweza kunyang'anywa. Tandika ndani kipande cha turubai, ukikunje juu ya nguo. Maji ya kwanza kulijaribu begi yatakuwa ya boti ya kuvukia kutoka Lamu hadi Mokowe, upande wa bara, tena ya chumvi.

Mfuko mdogo wa mbele ni wa sabuni na mswaki, basi. Stejini mtu aliye nyuma yako anaufikia kabla yako. Pasipoti na kadi ya homa ya manjano zikae mwilini, begini ziwe nakala tu. Kwa Mkenya, kitambulisho kinapita Uganda na Rwanda, lakini Horohoro, kituo cha mpakani upande wa Tanzania, hutakiwa pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Chanjo nayo huhesabiwa kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa. Ukichomwa jana yake, kadi unayo ila haijaanza kazi. Ikishaanza, tangu 2016 ni ya maisha.

Kwa alama, nne kwa tano. Moja imepotea kwa sababu mengi hufika bila kifuniko chake cha mvua, na fundi hukata kingine kutoka turubai lile lile. Ukirudi, lisuuze zipu kwa maji matamu kutoa chumvi, likauke kivulini, kisha sugua meno kwa kipande cha mshumaa.