Ijumaa nne za kuimba na kuchinjana: uzoefu wangu

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa filamu za kutisha. Ikifika pale mtu anapofungua mlango wa chumba cha giza peke yake, mimi huondoka nikaenda jikoni kuteleka chai. Lakini filamu ya nyimbo sijawahi kuiachia njiani. Binamu yangu ni kinyume changu: asipoona damu dakika kumi za mwanzo anaanza kuchezea simu. Basi aliponiambia kuna filamu zinazochanganya vyote, mapigano, majini na watu wanaimba, tukakubaliana Ijumaa nne, filamu nne. Moja tuitazame sinema Nyali, hapa Mombasa, zilizobaki sebuleni kwa shangazi Kibokoni, kwa projekta ya kuazima na shuka nyeupe ukutani. Shangazi hakuulizwa, ila alipoona viti vinapangwa alisema na yeye yumo.

Ya sinema ilikuwa Sinners ya Ryan Coogler, ilipotoka Aprili 2025. Hadithi iko Mississippi, mwaka 1932. Mapacha wawili, Smoke na Stack, wote wakichezwa na Michael B. Jordan, wanarudi kwao kufungua klabu ya dansi. Mpiga gita wao ni Sammie, binamu yao, mtoto wa mhubiri asiyetaka mwanawe apige blues, muziki wa Wamarekani weusi. Tangu mwanzo filamu inakwambia kuna watu ambao muziki wao ni wa kweli kiasi cha kupasua pazia lililo baina ya walio hai na wafu.

Halafu inakuonyesha. Sammie anaimba, watu wanacheza, na polepole wanaanza kuingia wasioalikwa: wapiga ngoma wa Afrika Magharibi, kijana na gita la umeme, DJ na santuri zake, wachezaji wa Kichina na mavazi yao ya kale. Wote wanacheza pamoja bila kushangaana, hadi paa linashika moto. Mzee aliyekaa kiti cha pili kutoka kwangu, kofia yake ya vito magotini, akamwambia mkewe kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hii ni ngoma ya pepo."

Hakuwa anatania. Nimesoma maoni ya mashabiki wengi kuhusu kipande hicho, wengine wakikieleza kwa maneno marefu, lakini hakuna aliyenigusa kama mzee yule. Hapa pwani nani hajui kwamba kila pepo ana ngoma yake? Mwele anakaa chini, ubani unafuka chetezoni, wapigaji wanajaribu mpigo huu na ule, na siku ukipigwa wa kwake pepo anapanda. Coogler anaieleza dunia kitu ambacho bibi zetu walikuwa wakikatazwa kwenda kukitazama na wakienda vilevile.

Na wanaovutwa na wimbo wa Sammie si wahenga peke yao. Wanakuja pia wanyonya damu, yaani mumiani, kwa lugha tuliyotishwa nayo utotoni tusizurure baada ya magharibi. Mkuu wao, Muairishi aitwaye Remmick, anapiga muziki wa kwao na kucheza na wafuasi wake nje ya klabu usiku, na ubaya ni kwamba wanaimba vizuri. Mguu wangu ulikuwa unadunda sakafuni kabla akili haijanikumbusha hao ni kina nani. Ila hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe. Ukumbi mzima ulicheka walipokuja kubisha mlangoni kwa adabu zote, kwa sababu sisi watu wa hodi tunajua uzito wa hilo neno karibu. Binamu alitaka mapigano ya mwisho yarefushwe. Mimi niliona yangeweza kukatwa nusu.

Ijumaa ya pili ilikuwa zamu ya Sweeney Todd ya Tim Burton, ya 2007. Asili yake ni mchezo wa jukwaani wa Stephen Sondheim wa mwaka 1979, na sehemu kubwa inaimbwa. Johnny Depp ni kinyozi wa London anayelipiza kisasi. Helena Bonham Carter ni jirani yake mwenye duka la pai, ambaye haoni sababu ya nyama ya wateja waliochinjwa kupotea bure. Shangazi alikuwa amekaanga sambusa za nyama, ishirini na kidogo, zimepangwa kwenye sinia na ndimu zake.

Kuna mahali kinyozi anachinja mteja mmoja baada ya mwingine, kiti kinapinduka, maiti inaporomoka chini kichwa kikitangulia, na muda wote huo yeye anamwimbia bintiye aliyempoteza, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Shangazi alivumilia wa kwanza na wa pili. Wa tatu akauliza, "Huyu yuwaimba na wembe mkononi, na wanaonyolewa akili zao ziko wapi?" Tulicheka, lakini ndipo nilipoielewa filamu. Muziki wa kutisha unaopiga kelele unakuandaa, unashika moyo mapema. Huu mtulivu haukupi onyo lolote. Sambusa zilibaki tisa. Nilizirudisha jikoni mwenyewe, na binamu, ambaye ndiye mpenda damu, hakugusa hata moja baada ya pale.

Ushauri kwa atakayeitazama: weka maandishi ya chini. Kiingereza chao cha kuimba kinakimbia, na mama wa pai anaimba huku akiponda unga kwa kasi ya kondakta wa matatu akiita abiria. Sisi tuliazima pia spika, nayo ikazimika nusu saa ya mwisho, tukamalizia kwa sauti ya kompyuta, vichwa vimeinamishwa pamoja kama tunasoma barua.

Little Shop of Horrors ya Frank Oz, 1986, ndiyo niliyoipenda bila kuogopa. Kijana maskini wa duka la maua anapata mmea unaokunywa damu, na mmea unaimba kwa sauti nzito ya Levi Stubbs, yule wa kundi la Four Tops. Hakuna kompyuta pale, ni mwanasesere anayeendeshwa na watu. Alipokuwa mkubwa midomo yake haikuweza kwenda na kasi ya wimbo, kwa hivyo kamera ilirekodi polepole na mwigizaji Rick Moranis akalazimika kuigiza polepole mbele yake, ili picha ikirudishwa kwenye mwendo wa kawaida wote waende sawa. Nilipowaambia hilo, watoto wa jirani waliokuja kudandia walitaka kipande kirudishwe mara tatu, wanamkodolea macho Moranis wamkamate akikosea. Hawakumkamata.

Mwisho ulizua ugomvi. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda mwisho wa kwanza, ambapo mmea unashinda, ukabadilishwa kuwa wa furaha. Ule wa asili ulirejeshwa mwaka 2012, nasi tukatazama yote miwili. Watoto walichagua wa furaha. Shangazi alichagua mmea. "Ulishe kitu damu kila siku, kisha utarajie kikuachie?"

Ya nne sitaikalia sana. Binamu alichagua Joker: Folie à Deux ya 2024, Joaquin Phoenix na Lady Gaga. Waimbaji wapo, mavazi yapo, lakini nyimbo nyingi zinatokea kichwani mwa Joker, muuaji anayeshtakiwa, na zikiisha kesi iko palepale mahakamani, mlango wa jela uko palepale. Unaweza kwenda msalani wimbo unapoanza na urudi usiwe umepitwa na kitu. Mashabiki waliolalamika walikuwa wakisema hawakulipa kutazama watu wanaimba. Mimi nililalamika kinyume, kwamba wanaimba na kuimba kwao hakufanyi kazi. Shangazi alikuwa amelala, leso usoni.

Alipoamka akatuuliza tumeridhika? Akatoa hukumu: sasa ni zamu yake. Hivyo tukapata ya tano, filamu ya Kihindi Nagina ya 1986. Sridevi ni nyoka aliyejigeuza mke wa mtu, Amrish Puri ni mganga aliyekuja na zumari kumfichua, na lile pambano lao la mwisho ni wimbo. Mganga anapuliza, yeye anacheza, macho yanabadilika rangi, na kila beti ni pigo. Ukiutoa wimbo hakuna pambano lililobaki. Hapo nikamwona binamu yangu anaweka simu chini.

Watu wa makamo wa Mombasa hawahitaji kufundishwa haya. Wamekulia sinema za Regal na Naaz wakitazama Hema Malini akicheza juu ya vigae vya chupa katika Sholay ili kumwokoa mpenzi wake, kisha wakienda harusini walimsikia mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo ametia maneno ya Kiswahili kwenye mahadhi ya filamu za Kihindi. Shangazi aliuimba ule wimbo wa nyoka kuanzia mwanzo hadi mwisho, na neno moja la Kihindi halijui.

Mkinitaka nyota: Sinners tano kasoro robo kwa sababu ya yale mapigano. Sweeney Todd nne, tatu kama una chakula mkononi. Ya mmea nne na nusu. Ya Joker moja, na hiyo ni ya Lady Gaga. Nagina siipi nyota kwa sababu shangazi atasoma hapa na hakuna idadi itakayomtosha.

Ijumaa ijayo binamu anataka Stree 2, filamu ya Kihindi ya kutisha na kuchekesha. Shangazi amekubali kwa masharti mawili: wimbo wowote usirushwe mbele, na sambusa ziwe za viazi.