Tahadhari: Terminali Bandia za Springi kwa Paneli za Udhibiti

Kwa wenzangu mnaounda na kutunza paneli za udhibiti wa mitambo: yupo muuzaji wa mtandaoni anayeuza terminali za springi, yaani viungio vya nyaya vya kubana kwa springi bila skrubu, zikiwa na nembo ya kiwanda kinachoaminika, ilhali ni bandia. Ukiomba sampuli anakutumia bidhaa halisi, ukaipima na kuridhika. Ukishaagiza mzigo mkubwa na kulipa pesa zote mapema, unapokea kitu kingine chenye umbo na rangi ileile. Ndivyo alivyotufanyia sisi.

Terminali ya aina hii hutegemea springi inayoubana waya na kipande cha ndani kinachopitisha umeme. Katika bidhaa halisi, springi ni ya chuma cha pua chenye kromi na nikeli, na kipande hicho ni cha shaba iliyopakwa bati. Tulipozipasua tulizoletewa, tulitoa springi kwanza, kwa kuwa hata springi nzuri huweza kuvutwa kidogo na sumaku, kisha tukasogeza sumaku kwenye kipande kilichobaki: kikanasa papo hapo. Kilikuwa chuma kilichopakwa juu juu. Plastiki yake nayo iliendelea kuwaka na kudondosha matone ya moto hata baada ya kiberiti kuondolewa, wakati plastiki ya V-0, daraja la kustahimili moto lililoandikwa ubavuni, inapaswa kujizima ndani ya sekunde 10.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba paneli yenye terminali hizi hufanya kazi vizuri siku ya kwanza. Skrubu ikilegea, fundi huikaza. Springi iliyochoka kwa joto haikazwi na yeyote. Waya ukilegea, ukinzani wa umeme pale unapogusana na terminali huongezeka; ukifika miliomu 10 tu, umeme wa ampea 20 utazalisha wati 4 za joto mahali pamoja, ndani ya plastiki isiyozidi kidole kwa ukubwa. Kwenye nyaya za ishara za volti 24 hutaona moshi, bali mashine itasimama bila sababu na kuanza kazi tena, na mafundi watabadilisha vitambuzi vizima wakitafuta kosa lisilokuwapo.

Kabla ya kufunga mzigo wowote, chukua terminali chache kutoka mifuko tofauti, wala usikubali zile anazokuchagulia muuzaji. Menya waya wa milimita 2.5 za mraba kwa urefu ulioonyeshwa kwenye terminali, maana ukimenya pungufu utailaumu bidhaa nzuri bure, kisha uvute kwa newtoni 50, yaani karibu uzito wa kilo 5, kwa dakika moja. Waya haupaswi kuchomoka. Cheti cha bidhaa alichotutumia muuzaji kilikuwa cha kweli, lakini namba yake, tulipoitafuta kwa mtoaji wa cheti, ilikuwa ya bidhaa nyingine kabisa. Kwa hiyo tafuta namba hiyo mwenyewe.

Aliyekwisha kuzifunga azime umeme, afunge swichi kuu kwa kufuli, na aanze kubadilisha zile zinazobeba mzigo mkubwa, kama mota na hita. Bakiza chache ambazo hazijatumika ndani ya mfuko wake, pamoja na risiti na jumbe zote za muuzaji, kwa sababu jukwaa la mauzo litadai ushahidi huo kabla ya kurudisha pesa, na yeye atakachokujibu ni kwamba ulizifunga vibaya.