Nililipia Ng'ombe wa Pumba, Nikaletewa wa Majani

Nianze na neno lenyewe, maana ndilo lililonifanya nikae chini niandike: "shangazi". Nina miaka 41. Yule kijana wa bucha ana kitambi na kipara kinachoanza, halafu ananiita mimi shangazi, mbele ya wateja wanne, shoka mkononi: "Sasa shangazi, ng'ombe akifika hapa nimuulize alikula nini?" Watu wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu. Lile tabasamu ninalijuta mpaka leo.

Bucha siitaji. Iko Arusha, upande wa Njiro, ina vigae vyeupe, kioo kisicho na nzi, na msumeno wa umeme wa kukatia mifupa unaolia kama bodaboda iliyotobolewa ekzosi. Ukiingia unakuta ubao. Kushoto wameandika ng'ombe wa majani, kulia ng'ombe wa nafaka, na huyo wa kulia amezidi elfu mbili kwa kila kilo.

Aliyekulia mikoa hii anajua kwamba ubao huo peke yake ni kichekesho. Ng'ombe wetu karibu wote ni wa majani. Wanatoka Longido, Monduli, Simanjiro, wanapita mnadani Meserani, wanaishia machinjioni bila kuonja punje ya mahindi, labda ile waliyoiba shambani kwa mtu ikaleta kesi. Marekani mambo ni kinyume: ng'ombe wao wengi wanamalizia maisha zizini wakila mahindi, kwa hiyo aliyekula majani mpaka mwisho ndiye wa bei mbaya. Huku kwetu aliyefungiwa miezi kadhaa akipewa pumba, mashudu na molasesi ndiye bwana mkubwa, kwa sababu hoteli za watalii zinataka nyama laini. Sasa wewe chukua ushauri wa watu wa nje ulioupata kwenye simu, uulete Arusha bila kuugeuza, uone kama huliwi wewe kabla ya nyama.

Mimi niliutafuta ule wa kulia kwa makusudi. Ilikuwa mwaka jana, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, sina uhakika, ila vuli ilikuwa haijashika na vumbi la barabara yetu lilikuwa linaingia mpaka kwenye chumvi. Kijana wangu alikuwa anapata kipaimara. Anayewajua Wachaga anaelewa maana yake: ukoo mzima unapanda gari, na ukoo mzima unakuja na meno. Nikapiga hesabu kwamba kununua kilo kilo ni kujichosha, bora nichukue nusu ng'ombe, nyingine ichomwe siku ya sherehe, nyingine ibaki kwenye friza mpaka Krismasi, kwa sababu Desemba bei inapanda hata ukiomba. Nikasema safari hii nisifanye ubahili, nichukue wa nafaka. Nusu ikasoma kilo 58 kwenye mzani. Zidisha mwenyewe kwa zile elfu mbili. Sh116,000 nimelipia pumba ambazo yule ng'ombe hakuziona hata kwenye ndoto.

Nimejuaje? Mzigo ulifika saa mbili asubuhi, umekatwakatwa na kufungwa kwenye mifuko, bado una joto. Nikachukua kipande cha kidari nikakipeleka kwenye mwanga wa dirisha la jikoni. Mafuta yake yalikuwa ya njano. Na si njano ya kubahatisha, ile unayosema labda ni taa. Njano kama samli ya kwa bibi, imetanda juu ya mnofu utando mwembamba, na ndani ya mnofu wenyewe hakuna hata uzi mmoja mweupe. Nyama nyekundu iliyokolea, tupu. Nikakibonyeza kwa kidole, kikakataa.

Ile njano inatoka kwenye majani mabichi. Ni rangi ileile inayofanya karoti iwe karoti. Ng'ombe anaila kwenye nyasi, inajificha kwenye mafuta. Ng'ombe aliyekaa kwenye nafaka muda wa kutosha mafuta yake yanakuwa meupe, na mengine yanaingia katikati ya mnofu kama michirizi. Mtu atasema kuna mahindi ya njano. Yapo, lakini si haya tunayokoboa sisi. Mahindi yetu ni meupe, pumba zake nyeupe. Au atasema labda ni ng'ombe wa maziwa aliyezeeka, maana hao pia mafuta yao huwa ya njano. Asante sana. Yaani hilo ndilo la kunituliza?

Nikapiga simu. Akapokea yuleyule. Akasema mafuta ya njano ndiyo mazuri, yana afya, niweke tu nyama kwenye friza haraka isije ikaharibika, tutaongea. Nataka mlikumbuke hilo neno "haraka", nitalirudia. Mume wangu alikuwa karibu na anasema hakusikia nikiambiwa hivyo. Mume wangu siku hiyo alikuwa anaangalia mpira.

Basi nikajaza friza mpaka mfuniko ukagoma, nikamkalisha juu yake binti yangu mdogo ndipo ukafunga.

Sherehe nitaipitia haraka kwa sababu bado inaniuma. Nyama ilitolewa kwenye friza siku moja kabla, ikayeyuka, ikatiwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, ikachomwa na mtu anayejua kazi yake, nimemwona kwa macho akichoma kwa watu. Ilinukia mpaka majirani wasioalikwa wakaja kusalimia. Kisha watu wakaanza kula na ukumbi ukanyamaza. Nilidhani wamenogewa. Nilipopita kukusanya sahani nikaona: pembeni mwa kila sahani kuna vipande vilivyotafunwa vikashindikana, vimepangwa vizuri kama kokwa za zambarau. Wifi yangu, ambaye kwa kawaida hana siri, alikuwa amevifunika vyake kwa jani la kabichi kwa heshima. Heshima ile iliniuma kuliko angesema.

Jumatatu nikaenda bucha, na kipande cha ushahidi kwenye mfuko wa nailoni. Sikwenda kugombana. Nilisema, "Kaka habari za kazi, naomba unisaidie, hii nyama nililipia ya nafaka." Hapo ndipo nikapewa ushangazi wangu. Nikamwonyesha mafuta. Akasema nyama ni nyama. Nikamwambia kama nyama ni nyama, futa ule ubao. Akanionyesha muhuri wa zambarau wa mkaguzi kwenye paja lililoning'inia, kana kwamba mkaguzi anapiga muhuri wa menyu! Mkaguzi anathibitisha kwamba mnyama hana ugonjwa wa kuniua. Alikula nini, hiyo anaijua mchungaji wake na Mungu. Nikaondoka bila shilingi, na yule kijana akaita nyuma yangu, "Karibu tena shangazi." Nilipofika kwenye gari nikagundua nimeacha mfuko wangu wa ushahidi kaunta. Sikurudi.

Hapo ningemaliza kwa kusema msinunue nyama kwa wingi, na ng'ombe wa majani ni wa supu tu. Ndivyo nilivyowatangazia watu kama wiki mbili. Kisha akaja baba mdogo kutoka Machame.

Baba mdogo amechinja tangu akiwa kijana. Kule kwetu ng'ombe anakaa zizini bandani, unamletea majani na migomba iliyokatwakatwa, anakua hapo hapo. Ukimuuliza huyo ni wa majani au wa nafaka atakushangaa. Nikamwonyesha nyama nikitegemea anitukanie yule kijana. Hakuangalia mafuta hata kidogo. Akauliza, "Mama, huyu alichinjwa saa ngapi?" Nikasema alfajiri. "Na friza uliitia saa ngapi?" Nikasema saa tatu asubuhi, upesi upesi, isiharibike. Akaweka kipande chini, akaniangalia jinsi alivyokuwa akiniangalia nilipoangusha kibuyu cha mbege nikiwa na miaka minane.

"Umeigandisha haijalala."

Akanieleza, na baadaye nimekuta wataalamu wa nyama wanasema hivyohivyo kwa maneno marefu. Ng'ombe akishachinjwa misuli haifi saa ileile. Inabaki na nguvu yake kwa masaa, inakaza, halafu siku zinavyokwenda inalegea. Ukiipiga baridi kali kabla haijapita hapo, inajikunja na haijikunjui tena, na hapo hata uichome kwa mkaa wa mbinguni. Ukishaikata vipande na kuitoa kwenye mfupa ndiyo inajikunja zaidi, kwa sababu hakuna kinachoivuta. Na yule aliyekonda, wa majani, tena wa kiangazi wakati malisho yameisha, ndiye anayeumia kuliko wengine: hana blanketi la mafuta mgongoni, baridi inamfikia moja kwa moja. Baba mdogo anasema nusu ng'ombe inatakiwa ining'inie mahali pa baridi ya kawaida angalau usiku mzima, siku mbili tatu kama una chumba cha baridi, ndipo ikatwe na kugandishwa. Tena kidogo kidogo. Si kumkalisha mtoto juu ya mfuniko.

Kwa hiyo lile kosa lilikuwa langu. Nusu. Kwa sababu nani aliniambia "haraka"? Bucha inayouza nusu ng'ombe kwa mtu mwenye friza la nyumbani, inamletea nyama ya moto kwenye mifuko, haina neno hata moja la kumwambia mama weka kwanza ndani ya friji, sehemu ya chini, friza baadaye? Lakini ina ubao wenye rangi mbili.

Sasa sikilizeni upande wa pili, maana sitaki nionekane mwongo. Zilibaki kilo kama thelathini. Nikawa sina namna ila kuzipika taratibu. Nikaweka mifupa na kidari jikoni kwenye mkaa mdogo, masaa matatu na zaidi, nikatia ndizi mshare, nikapiga mtori. Jamani. Zile njano zilitoka zikaelea juu ya sufuria matone madogo kama dhahabu, na ladha yake ilikuwa ya ng'ombe kweli, ya utotoni, sio ile nyama ya nafaka ambayo ni laini lakini ukifumba macho hujui unakula nini. Mume wangu alirudia mara tatu. Wifi akaomba apelekewe kwenye hotpoti. Kuhusu afya, ni kweli nyama ya majani ina omega-3 zaidi, ila ni kidogo sana. Anayezitaka hizo akanunue dagaa, atapata nyingi kwa pesa ndogo.

Tangu hapo tumekuwa tunanunua watu watatu pamoja, mwezi wa sita au wa saba, masika yakiwa yameacha majani mengi na ng'ombe wa Longido wamejaa. Tunampata mnadani, anachinjwa, analala, tunagawana kesho yake. Wa majani, na tunajua ni wa majani, hatulipii ubao.

Ningesema basi, hukumu yangu ni majani. Lakini juzi tena nina wageni, nataka mishikaki, na mshikaki haungoji masaa matatu. Miguu yangu ikanipeleka kulekule. Yule kijana akaniona tangu mlangoni, "Shangazi! Ya nafaka imeingia." Nikamwambia afunue mafuta nione. Akafunua. Meupe kama nazi, na michirizi mpaka ndani. Nikamwuliza imelala? Akasema siku mbili kwenye chumba cha baridi, akanipeleka nikaona kwa macho yangu. Nikachukua kilo tatu, nikalipa zile elfu mbili juu ya kila kilo, sikumuaga wala sikutabasamu.

Ililegea kama mkate. Wageni walimaliza yote. Nilikuwa na hasira mpaka nalala.