Sabuni ya unga au tina: kusafisha kabati kabla ya kulipaka rangi upya

Aliyehamia Dodoma kutoka Marekani huulizia TSP, unga wa kuoshea mbao kabla ya kupaka rangi. Usiuhangaikie. Sabuni ya unga iko duka la jirani, tina, kimiminika cha kuzimulia rangi ya mafuta, iko duka la vifaa vya ujenzi.

Sabuni huondoa jasho, vumbi na masizi. Koroga vijiko 2 vya chakula katika lita 5 za maji ya uvuguvugu, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha suuza mara mbili. Hapa ndipo wengi huharibu: sabuni ikibaki, rangi ya mafuta haishiki, hubanduka vipande vipande. Plaiwudi usiiloweshe, itavimba kingoni. Acha ikauke usiku kucha, hata kiangazi, ndipo upige msasa namba 180, kwa kuwa maji huinua nyuzi za mbao.

Tina hukata nta, ambayo sabuni huiacha, na haihitaji kusuuzwa. Ila hulainisha vanishi ya zamani. Jaribu kwanza nyuma ya mlango. Geuza kitambaa kila mara, la sivyo unahamisha mafuta tu. Fanyia nje, mbali na jiko la mkaa.

Kabati la jikoni lianze na sabuni. Tina ifuate penye nta pekee. Upepo wa Dodoma hauishiwi vumbi, kwa hiyo futa tena kwa kitambaa kikavu kabla tu ya kupaka praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi.